Watunzao programu huria wasiachwe peke yao

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, wakati Wakristo wengi walipokuwa makanisani, mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund, mwajiriwa wa kampuni ya Microsoft, aliwatangazia watunzaji wa programu za Linux kote duniani habari iliyowatoa kijasho chembamba. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data ambayo ameshiriki kuitunza kwa miaka mingi, akatambua kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya SSH kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungeulaumu mtandao na kuendelea na shughuli zetu. Yeye aliufuata ukawiaji huo hatua kwa hatua hadi akaifikia programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, na ndani yake akakuta mlango wa siri, uliochongwa kwa ustadi mkubwa ili mwenye ufunguo wake aingie katika mashine ya mtu mwingine bila kubisha hodi.

Nimeamua kukizungumzia kisa hiki, hasa kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu naona kwamba wengi wamekichukulia funzo lisilo lake. Nimewasikia watu, tena wenye elimu yao, wakisema kwamba kimethibitisha mambo mawili: kwanza, kwamba programu huria haziaminiki, na pili, kwamba ni heri mashine iachwe kama ilivyo kuliko kusasishwa kila mara na watu tusiowajua. Mimi nayapinga yote mawili.

Kwa msomaji ambaye hajazoea mambo haya, naomba nieleze kwa ufupi. Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya kampuni ya Bell huko Marekani. Linux, ambao ni wa ukoo huo japo haukuzaliwa katika nyumba hiyo, ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Kiini cha Linux ndicho kiendeshacho kila simu ya Android aliyonayo mwanafunzi mfukoni, na ndicho kilichomo katika sehemu kubwa ya seva zinazobeba tovuti tuzitembeleazo. Programu hizi huitwa huria kwa kuwa msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda programu, umewekwa wazi: atakaye ausome, aubadilishe, amgawie na mwenzake.

Lakini mfumo huu haukutoka katika kiwanda kimoja. Ni kama nyumba iliyojengwa na mafundi wengi mno, huyu akaleta bawaba, yule kitasa, mwingine vigae. Debian, mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya programu hizo, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 60,000 katika toleo lake la 12 la mwaka 2023. Kila kifurushi kina mtunzaji wake, na aghalabu mtunzaji huyo ni mtu mmoja, anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira inayomlisha. Huyo ndiye hupokea malalamiko, hurekebisha kasoro na kutoa toleo jipya. Jina lake hatulijui. Tunachojua ni kwamba mashine inawaka.

Mtunzaji wa xz alikuwa Lasse Collin wa Ufini. Kwa miaka mingi aliibeba programu hiyo bila mshahara, nayo ikaenea hadi ikawa haikosekani katika mashine za Linux. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa walisema kweli tupu. Mwaka 2022 yalizuka majina kadhaa ya watu wasiojulikana, yakaanza kumsukuma: mbona matoleo yanachelewa, mbona hajibu upesi, mbona hampi mwingine nafasi? Collin aliwajibu hadharani kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea asiyolipwa, na kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua kwa muda. Jibu hilo lingetosha kuwatia haya wenye haya.

Wakati huo huo alikuwapo mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye tangu mwaka 2021 alikuwa akileta marekebisho mazuri, kwa adabu na kwa subira. Nani asingemshukuru? Kidogo kidogo akaaminiwa, na kufikia mwaka 2023 alikuwa akitoa matoleo ya xz kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi wa Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na mwezi wa Machi 5.6.1, yote mawili yakiwa na sumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Hadi leo hapana mtu aliyethibitishwa hadharani kuwa ndiye mwenye jina hilo.

Jinsi sumu ilivyofichwa ni jambo linalostahili kufundishwa darasani. Sehemu yake kubwa iliwekwa ndani ya faili za majaribio, zile faili zilizoharibiwa makusudi ili kupima kama programu itatambua kasoro. Nani angekwenda kuchungulia faili ambayo inajulikana kuwa mbovu? Ufunguo wa kuiamsha haukuwekwa katika msimbo ambao watu huusoma hadharani, bali katika kifurushi cha toleo ambacho wasambazaji hukichukua na kukitumia. Tena, OpenSSH yenyewe haihitaji xz hata kidogo. Ni baadhi ya wasambazaji walioiunganisha SSH na maktaba ya systemd kwa ajili ya urahisi fulani, na maktaba hiyo nayo ikawa imeibeba ile ya xz mgongoni. Mwizi hakuvunja mlango wa mbele. Alipita kwa jirani wa jirani.

Je, uhuria ulishindwa? Sitadai kwamba macho elfu yalikuwa yakiutazama msimbo ule. Yalikuwa macho mawili ya mtu mmoja mdadisi, na bahati ilisaidia. Lakini fikiria, msomaji, kama programu ile ingekuwa imefungwa. Freund angeuona ukawiaji uleule, angemwandikia muuzaji barua ya malalamiko, naye angejibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Kwa kuwa ilikuwa wazi, aliweza kuipasua mwenyewe, na katika muda wa saa chache wasambazaji wakawa wanairudisha nyuma hadi toleo salama. Kilichoshindwa hapa si uwazi wa msimbo. Kilichoshindwa ni desturi yetu ya kumwachia mtu mmoja, mchovu, kazi inayotufaidi sote, kisha kumkaripia akichelewa.

Sasa nirudi kwa lile la pili, la kwamba kusasisha ndiko kulikoleta balaa. Ni kweli kwamba matoleo yenye sumu yaliwafikia wale waliotumia matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, pamoja na openSUSE Tumbleweed, ambayo hupokea kila kipya kinapotoka. Waliokuwa katika toleo tulivu la Debian hawakuguswa. Hoja hii ina nguvu, lakini wanaoitumia huichanganya na jambo jingine. Toleo tulivu si toleo lililoachwa. Watunzaji wake huchukua dawa ya kila kasoro ya usalama na kuitia katika programu ya zamani bila kubadilisha mengineyo, na hufanya hivyo kwa miaka mitatu, kisha kikosi cha utunzaji wa muda mrefu kikaongeza miwili. Anayekimbilia upya na anayesasisha ni watu wawili tofauti. Mmoja hununua shati jipya kila Jumamosi. Mwingine hushona kifungo kilichokatika.

Niliwahi kuzuru shule moja ya sekondari ambayo sina haja ya kuitaja, yenye chumba safi cha tarakilishi na seva moja mezani. Nilipouliza toleo la mfumo wake nikaambiwa ni Debian 9. Toleo hilo lilitoka mwaka 2017, na hata utunzaji wake wa muda mrefu ulikoma mwaka 2022. Mwalimu mhusika, mtu mwema na mwenye bidii, alinijibu, "Haijawahi kutusumbua, mwalimu." Nilimwelewa. Aliyeiweka alilipwa, akapigwa picha na mgeni wa heshima, akaenda zake. Katika makadirio ya matumizi ya shule hapakuwa na hata senti moja ya kuitunza. Lakini ndani ya mashine hiyo yalikuwamo majina ya wanafunzi wote, alama zao na nambari za simu za wazazi wao.

Mashine isiyosumbua yaweza kuwa inamsumbua mwingine. Mwezi wa Septemba 2014 iligunduliwa kasoro katika bash, ile programu ipokeayo amri katika mifumo mingi ya Unix, ikapewa jina la Shellshock. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu mwaka 1989, miaka 25, bila kumsumbua yeyote. Ilipotangazwa, wahalifu walianza kuitumia karibu papo hapo. Hili ndilo jambo ambalo wapinzani wa kusasisha hawalitazami: siku dawa inapotangazwa, ugonjwa nao umetangazwa. Mwizi husoma rekebisho kama fundi alisomavyo, kisha huenda kuwatafuta wale ambao hawajalitia. Kabla ya siku hiyo ulikuwa na kasoro isiyojulikana. Baada yake una mlango wenye bango.

Wapo pia wadhanio kwamba programu isiyo na kasoro haihitaji mtunzaji. Hawa nawaomba waangalie hazina ya kanda za saa, ambayo mifumo ya Unix na simu nyingi huitegemea ili kujua sasa ni saa ngapi. Ilianzishwa na Arthur David Olson huko Marekani katika miaka ya 1980, na kwa miaka mingi imeratibiwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Humo Nairobi imepewa ukurasa wake, nazo Kampala, Dar es Salaam, Mogadishu na Addis Ababa zimeelekezwa huko. Humo mna hata habari kwamba kuanzia mwaka 1937 hadi katikati ya mwaka 1942 saa ya Kenya ilitangulia ile ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, jambo ambalo sijaliona katika vitabu vyetu vya historia. Sasa, tarehe 1 Februari 2021 serikali ya Sudan Kusini iliamua kurudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Hapana programu iliyoharibika siku hiyo. Dunia ndiyo iliyobadilika, na kila mashine mjini Juba ambayo haikusasishwa ikawa inasema uongo kwa moyo mweupe. Mwaka 2011 kampuni moja ya unajimu iliwashtaki Olson na Eggert kwa sababu ya data za kihistoria zilizomo katika hazina hiyo, nayo ikafungwa kwa siku kadhaa hadi shirika la ICANN lilipojitokeza kuipa makao. Kampuni iliiondoa kesi yake mwaka 2012. Hebu fikiria: saa za dunia nzima, na washtakiwa wawili!

Jambo jingine la saa linawahusu wanafunzi moja kwa moja. Mifumo ya zamani ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika nafasi ya biti 32 ambayo haiwezi kupita 2,147,483,647. Idadi hiyo itafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine ambazo hazikurekebishwa zitajiona ziko mwaka 1901. Katika Debian kazi kubwa ya kupanua nafasi hiyo ilifanywa mwaka 2024, vifurushi kwa maelfu vikaundwa upya. Mtoto aliye kidato cha pili leo ndiye atakayeitwa kazini asubuhi ile, kwenye mita, mitambo na seva ambazo hakuna aliyezigusa.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa aibu yake inajulikana. Kasoro ya Heartbleed ilipotangazwa mwezi wa Aprili 2014, ndipo walimwengu walipofahamu kwamba mradi wa OpenSSL, ambao ulikuwa ukilinda mawasiliano ya benki na maduka kote duniani, ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Baadaye kampuni kubwa zilichangishana. Mwaka 2022 serikali ya Ujerumani nayo ilianzisha mfuko maalumu wa kuwalipa watunzaji wa programu za msingi. Sioni kwa nini zabuni za umma hapa kwetu, zinaponunua mifumo iliyojengwa juu ya jasho la watu hawa, zisitenge sehemu kwa ajili ya utunzaji, wa mashine zenyewe na wa programu zilizomo.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa, kwa maoni yangu, si wa fedha. Ni wa shule. Tunafundisha kuanzisha na hatufundishi kutunza. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu huunda mifumo mipya ya kusimamia maktaba, hospitali na karo. Nimesahihisha mifumo ya maktaba mingi kuliko maktaba zilizomo nchini. Hutazamwa, hupewa alama, kisha hufa kabla ya mahafali. Mwanafunzi huondoka akiwa hajawahi kusoma msimbo wa mtu mwingine, hajawahi kuandika ripoti ya hitilafu ikaeleweka, hajawahi kukataliwa rekebisho lake na mtunzaji mkali aliye Brazil au Uchina akalazimika kulirudia. Hayo ndiyo yatakayokuwa maisha yake yote kazini, na hayo ndiyo tusiyomwonjesha.

Hata sisi wapenzi wa Kiswahili hatujaepuka maradhi haya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha yetu, na tulishangilia kwa haki. Lakini tafsiri ya programu ni shamba, haitoshi kulilima mara moja. Kila toleo jipya huja na maneno mapya ya kutafsiriwa, na pasipo wa kuyapalilia, skrini hugeuka mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza usiompendeza yeyote. Hapa mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tarakilishi wangeweza kushika jembe moja, na wanafunzi wao wakapata mazoezi ya istilahi ambayo mtihani hauwezi kuwapa.

Shuleni, mambo ya kuanzia ni machache, wala hayahitaji mfadhili. Mwalimu na aandike katika daftari aina ya mfumo ulio katika kila mashine, toleo lake, na tarehe ambapo utunzaji wake utakoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Ijumaa wanafunzi wawili kwa zamu watekeleze amri za kusasisha, waandike kilichobadilika na kusoma maelezo ya angalau badiliko moja. Mahali ambapo intaneti ni ghali, mashine moja yaweza kuwekewa programu ya apt-cacher-ng, ambayo hupakua kila kifurushi mara moja na kukigawa kwa mashine zote thelathini, badala ya shule kulipia kitu kilekile mara thelathini. Na tangu utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, shule zenye tarakilishi kuukuu zisizoweza kupokea Windows 11 zina sababu ya ziada ya kuufikiria mfumo huria, ila kwa sharti kwamba zitautunza. La sivyo zitakuwa zimehama kutoka ukiwa mmoja hadi mwingine.

Lasse Collin aliirudia kazi yake. Mwishoni mwa Mei 2024 alitoa toleo la 5.6.2 la xz, likiwa limeondolewa ile sumu, baada ya kuyapitia yote yaliyofanywa na mgeni wake. Kwa upande wangu, nimeiomba idara ninayofundisha ikubali kwamba rekebisho lililopokelewa na watunzaji wa programu huria inayotumika lihesabiwe sawa na mradi wa mwaka wa mwisho, nayo imekubali kwa majaribio ya mwaka mmoja. Wanafunzi wawili wamejiandikisha. Mmoja anapitia kurasa za maelezo za programu ya tar, ambako amekwisha kuona mfano asioukubali. Mwenzake angali anatafuta.